Barua ya chuo cha Marekani iko mkononi, lakini je, wanafunzi watakusikia?

Kila mwaka, kati ya mwezi wa pili na wa nne, hapa kwetu mashariki kuko vijana wanaoshinda kwenye simu wakingojea barua pepe moja tu. Ni wale walioomba kuendelea na masomo Marekani, masta ao doktora. Barua ikifika, mama anapiga vigelegele, jirani anaanza kumwita kijana "dokta" na hata pasipoti bado haijatoka. Mimi mwenyewe nimesoma barua za namna hiyo mara mbili, wenyewe wakiniletea redioni niwasaidie kuzielewa vizuri. Mara zote mbili jicho langu lilikwama pale karibu na mwisho: pesa ya masomo italipwa na chuo, kwa sharti mwanafunzi afundishe, na ili afundishe aonyeshe kwanza kwamba anasema Kingereza cha kutosha.

Wengi wanaruka mstari ule, na ndio unaoshika pesa yote.

Tuelewane kwanza juu ya kazi yenyewe. Sisi hapa tunajua asistanti ni nani. Ni yule anayesimamia TP, anayesahihisha kazi, anayeuza silabusi ya profesa, na wanafunzi wanamuogopa kuliko profesa mwenyewe. Kwetu asistanti amekwisha kumaliza masomo yake ya kwanza na ameajiriwa na chuo. Marekani kazi inafanana, lakini anayeifanya bado yuko kwenye benchi. Asubuhi anakaa darasani kama mwanafunzi wa masta ao doktora, mchana anasimama mbele ya vijana wa miaka 18 na 19 anawaeleza hesabu, kemia ao uchumi. Anasimamia maabara, anasahihisha mitihani, na ana saa zake za kupokea wanafunzi ofisini. Kwa mwenye visa ya masomo, ile ya F-1, kazi ndani ya chuo haipiti saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Kwa malipo, mara nyingi chuo kinamsamehe pesa ya masomo na kinampa kitu cha kulipa nyumba na chakula kila mwezi.

Sasa waza mtoto wa muuza samaki wa Kadutu ao wa mkulima wa Masisi. Pesa ya masomo ya mwaka mmoja tu kule inaweza kupita makumi elfu ya dola. Ukimtolea ile kazi ya kufundisha, barua ya kukubaliwa inabaki karatasi. Ndiyo maana mtihani wa kusema Kingereza si jambo dogo la utaratibu. Kwa watu wetu ndio mlango wenyewe, kwa sababu hakuna mjomba wa kulipa.

Mambo haya yalianza wapi? Miaka ya 1970 na 1980, vyuo vya Marekani vilianza kupokea wanafunzi wengi wa kigeni kwenye masomo ya juu, zaidi sana katika hesabu, sayansi na uinjinia, na vikawapa madarasa ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wazazi wakaanza kulalamika: tunalipa pesa nyingi, mtoto anarudi nyumbani anasema haelewi mwalimu. Malalamiko yakafika magazetini, kisha kwa wabunge wa majimbo. Florida ilitunga sheria mwaka 1983. Majimbo mengine yakafuata, Ohio, Missouri, Illinois, Pennsylvania, Texas. Kwa jumla, sheria zile zinadai chuo kihakikishe kwamba anayefundisha anaeleweka katika Kingereza cha kusema.

Texas iliongeza kitu kimoja ambacho mimi kilinishangaza. Sheria yao ya mwaka 1989 inataka chuo kimsaidie mwalimu ambaye Kingereza si lugha yake ya kwanza, lakini gharama ya kozi ile ni juu yake yeye, na inaweza kukatwa kwenye mshahara wake. Na North Dakota, mwaka 2005, mbunge mmoja alileta pendekezo kali zaidi: wanafunzi 10 kwa mia wa darasa wakilalamika juu ya Kingereza cha mwalimu, aondolewe kwenye darasa lile. Pendekezo lilipunguzwa nguvu kabla ya kupita. Lakini jaribu kupiga picha jambo lile katika oditwari yetu. Asistanti gani angebaki? Hata yule anayesema Kifaransa safi kama cha Paris, siku ya kutoa pointi za TP wangemkuta asilimia 10 mara moja.

Pamoja na hayo, siwezi kusema wazazi wale walikuwa na makosa. Mwanafunzi ana haki ya kusikia anachofundishwa. Sisi wenyewe tunajua uchungu wa kukaa saa mbili mbele ya mtu unayemuona anachezesha midomo tu. Nilisoma Kingereza sekondari, pointi zangu hazikuwa mbaya, na bado siku ya kwanza nilipotumwa kumhoji mgeni mmoja wa shirika la misaada, nilishika neno moja kati ya matano. Kwa bahati kinasa sauti kilikuwa kinafanya kazi. Kwa hiyo nawaelewa.

Swali ni hili: je, tatizo liko kwenye mdomo wa anayefundisha tu?

Kuko utafiti mmoja ambao watu wa kazi hii wanautaja sana. Ulifanywa na Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia, ukachapishwa mwaka 1992. Alichukua kanda ya somo fupi, kama dakika nne, lililosomwa na mwanamke Mmarekani aliyekulia Ohio, Kingereza chake cha kuzaliwa. Akawasikilizisha wanafunzi 62 kwa vikundi. Kikundi kimoja kilionyeshwa picha ya mwanamke mzungu kama ndiye anayesema, kingine kikaonyeshwa picha ya mwanamke wa sura ya Kiasia. Sauti ilikuwa ileile, maneno yaleyale. Lakini walioona picha ya Muasia walisema wamesikia lafudhi ya kigeni, ambayo haikuwemo. Kisha walipopewa maandishi ya somo yenye nafasi wazi wajaze maneno yaliyokosekana, walijaza vibaya kuliko wenzao. Maana yake hawakuwa wanadanganya. Kweli hawakusikia vizuri, juu macho yaliyaambia masikio yasisikie.

Niliposoma habari ile nilicheka peke yangu, kwa sababu redioni kwetu tumeyaona. Siku moja tulimtambulisha mtangazaji mpya tukasema ametoka Lubumbashi, kwa maana alisomea kule. Baada ya taarifa ya habari, msikilizaji akatuandikia kwamba yeye haelewi Kiswahili cha watu wa Katanga, tumrudishe yule wa zamani. Mtangazaji yule amezaliwa Uvira, na Kiswahili chake ni cha Uvira kabisa.

Wanauchumi nao walijaribu kupima jambo hili kwa pointi za wanafunzi. George Borjas alichapisha mwaka 2000 kwamba, katika chuo kimoja kikubwa cha serikali, wanafunzi wa uchumi waliofundishwa na wasaidizi wa kigeni walipata pointi za chini kidogo. Miaka miwili baadaye, mwaka 2002, watafiti watatu wa Ohio State, yaani Fleisher, Hashimoto na Weinberg, wakachapisha kinyume: kwao wasaidizi wa kigeni walifundisha vizuri sawa na Wamarekani. Tofauti moja inayoonekana ni kwamba Ohio State ilikuwa inawachuja kwa mtihani wa kusema na kuwafundisha kabla ya kuwapa darasa. Kwangu mimi hapo ndipo penye jibu. Mtihani peke yake unafunga mlango ao unaufungua, basi. Mtihani ukifuatwa na kozi, unatoa mwalimu.

Tuje sasa kwa vijana wetu wenyewe, wanakwama wapi.

Mtihani unaojulikana zaidi ni TOEFL, wa shirika ETS la Marekani. Kwa miaka mingi ulihesabiwa juu ya 120, sehemu nne za 30: kusoma, kusikiliza, kusema, kuandika. Tangu Januari 2026 matokeo yanatolewa kwa kipimo kipya cha 1 hadi 6, kwa hiyo msichanganyikiwe mkikuta namba za zamani kwenye tovuti za vyuo. Jambo la kushika ni kwamba kuko vizingiti viwili. Cha kwanza ni cha kuingia chuo, kinatazama pointi za jumla. Cha pili ni cha kufundisha, kinatazama sehemu ya kusema peke yake, na ndicho kirefu zaidi. Kwa kipimo cha zamani vyuo vingi vilitaka karibu 26 juu ya 30 kwenye kusema, vingine chini kidogo, vingine juu yake. Kijana anaweza kuwa na jumla nzuri sana kwa sababu anasoma na kuandika vizuri, na kusema kukamuangusha.

Na hiyo ndiyo hali yetu hasa. Mtoto wa huku anaanza shule kwa Kiswahili, anahamia Kifaransa, na Kingereza anakikuta sekondari kama somo mojawapo. Anafundishwa sarufi na tafsiri. Kusema anajisemea mwenyewe, na filamu, na nyimbo. Akifika mbele ya kipaza sauti cha mtihani, na saa inahesabu sekunde, ulimi unakuwa mzito.

Tena vyuo vingi haviridhiki na TOEFL. Vina mtihani wa ndani. Purdue, kule Indiana, wana mtihani wao wa kusema unaofanywa kwenye kompyuta, unaitwa OEPT. UCLA, California, wana wao unaoitwa TOP, ambamo unafundisha somo fupi na mbele yako wamekaa wanafunzi wa kweli wanaokuuliza maswali. Katika mitihani ya namna hii hawapimi sauti tu. Wanatazama kama unaweza kueleza neno gumu kwa maneno mepesi, kama unaangalia watu ao unaangalia ubao, na zaidi unafanya nini ukikatwa katikati na swali.

Hapo watu wa malezi yetu wanaumia. Kwetu asistanti akisema, darasa linaandika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiinua mkono katikati ya maelezo na kusema "sikuelewa, na nadhani umekosea pale juu", wenzake wote wanageuka kumtazama kama mtu aliyechoka kuishi. Marekani ni jambo la kila siku. Anayechukua swali kama dharau, akajibu kwa uso mkali ao akanyamaza, anapoteza pointi ambazo matamshi hayangemnyima.

Sasa juu ya matamshi. Vijana wengi wanadhani kazi ni kuondoa lafudhi, waseme kama watu wa sinema. Wanapoteza muda. Mwalimu na mtafiti Laura Hahn alichapisha mwaka 2004 jaribio alilofanya na msaidizi mmoja wa kigeni, Mkorea. Somo lilelile lilirekodiwa mara tatu: mara moja mkazo wa sauti ukiwa kwenye maneno yanayostahili, mara nyingine mahali pasipostahili, mara ya tatu bila mkazo unaoonekana. Lafudhi ya Kikorea ilibaki katika zote. Wanafunzi walikumbuka somo vizuri zaidi pale mkazo ulipokuwa mahali pake. Lafudhi yenyewe haikuwazuia.

Kwa sisi hilo ni habari kubwa, kwa sababu tatizo letu ni mkazo hasa. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, hatufikiri. Kifaransa kinausukuma mwisho wa kifungu. Kingereza hakina huruma: neno analysis mkazo wake uko kwenye "na", neno hypothesis uko kwenye "po". Sisi tunasema "analiSIsi", "hipoteSIsi", kama vile tungesema "mafuRIko". Mmarekani anayesikia anapotea, si kwa sababu ya r na l zetu, bali kwa sababu neno limegeuka neno lingine. Na maneno haya mawili tu, mtu wa sayansi anayasema labda mara hamsini kwa somo moja. Ukichukua maneno mia ya fani yako, ukaangalia mkazo wake kwenye kamusi ya simu yenye sauti, ukajirekodi ukilinganisha, umefanya kazi zaidi kuliko kununua kitabu kingine cha sarufi.

Kitu kingine ambacho wengi hawajui: idara za Kifaransa za vyuo vya Marekani nazo zinaishi kwa wanafunzi wa masta na doktora wanaofundisha madarasa ya kwanza ya Kifaransa. Mkongomani anayetoka na lisansi ya Kifaransa hapa ana kitu mkononi ambacho Mhindi ao Mchina wa idara ya hesabu hana. Kiswahili pia kinafundishwa katika vyuo kadhaa, na wengi wanaokifundisha ni wanafunzi wa masomo ya juu waliotoka Kenya na Tanzania. Lakini usidhani hapo Kingereza hakitaulizwa. Mwanafunzi anayeanza Kifaransa ataleta swali lake kwa Kingereza, na mkuu wa idara atatuma barua kwa Kingereza. Uliza mapema, idara kwa idara.

Kuna wasiwasi mwingine unaozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp, tuuondoe. Tarehe 1 Machi 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri inayofanya Kingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Watu waliniandikia wakiuliza kama ndiyo imeleta mitihani hii. Hapana. Amri ile inahusu ofisi za serikali kuu na huduma zao kwa lugha nyingine. Mitihani ya wanaofundisha imekuwako miaka arobaini, na inatoka kwa majimbo na kwa vyuo vyenyewe.

Jambo la visa ndilo zito zaidi. Juni 2025 Marekani ilisimamisha visa za masomo kwa majirani zetu Warundi, na ikafungia Kongo-Brazzaville karibu kabisa. Kongo yetu haikuwa kwenye orodha ile, ingawa kwa siku kadhaa watu walichanganya Kongo mbili na wengine wakaacha kujaza fomu zao. Septemba mwaka uleule ikatangazwa kwamba mahojiano ya visa za namna hii yafanywe katika nchi ya muombaji ao nchi anamokaa kihalali. Kwa Mkongomani, maana yake Kinshasa. Zamani mtu wa Goma aliweza kufikiri Kigali ao Kampala, ni karibu. Sasa, mpaka aonyeshe kwamba anaishi kule kweli.

Na kufika Kinshasa si kazi ndogo. AFC/M23 iliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, mabanki yakafunga milango. Mtihani wa TOEFL wa nyumbani uko tangu 2020, lakini unadai kompyuta, chumba chenye mtu mmoja tu, na intaneti isiyokatika. Wa Duolingo nao unafanywa nyumbani kwa karibu dola 70, na vyuo vingi vinaukubali kwa kuingia, ila kwa kufundisha vinaweza kukudai mtihani wa kusema ukifika. Vyote viwili vinalipwa kwa kadi ya banki. Mtu ambaye banki yake imefungwa anatafuta ndugu aliyeko nje amlipie, kisha anatafuta mahali penye umeme usiku. Chuo cha ng'ambo hakioni hayo. Kinaona pointi tu.

Katika mwaka wa masomo 2023-2024 Marekani ilihesabu wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni 1,1, na zaidi ya elfu 500 kati yao walikuwa wa masomo ya juu. Maabara na madarasa ya mwaka wa kwanza ya vyuo vikubwa yasingesimama bila wao. Kwa hiyo mimi sipendi tunapozungumza kama vile kijana wetu anaenda kuomba sadaka. Anaenda kufanya kazi ambayo chuo kinaihitaji, na kwa bei ambayo profesa asingeikubali. Kumdai aeleweke ni haki. Kumwachia yeye peke yake mzigo wote, pamoja na masikio ya wanaomsikiliza, si haki. Vyuo vingine vimeelewa, vinawafundisha hata wanafunzi Wamarekani namna ya kusikiliza mtu mwenye lafudhi tofauti. Si vingi.

Kwa wanaojaza fomu mwaka huu: tarehe za mwisho za idara nyingi ni Desemba na Januari, kwa kuanza Agosti. Matokeo ya TOEFL yanadumu miaka miwili, kwa hiyo kuyafanya mapema mno ni hasara, na kuchelewa ni hasara zaidi. Kabla ya kukubali nafasi, mwandikie katibu wa idara barua pepe fupi. Muulize pointi za kusema wanazodai kwa anayefundisha, si kwa anayeingia tu. Muulize kama kuko mtihani mwingine ukifika, na usiposhinda mara ya kwanza utapewa kazi gani wakati unangojea, kusahihisha ao maabara ya utafiti, juu bila kazi hakuna pesa ya nyumba. Na muulize kama chuo kina kozi ya kusaidia walioshindwa, na nani anailipa. Texas, kumbuka, wanaweza kuikata kwenye mshahara.